Kidonda cha Mahali Mkwe Haulizi

Sagana, 14 Januari 2023

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo. Kim ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka anajiziba mdomo kama mtu mzima mwenye siri. Mwanao Ngatia bado yuko Isiolo na kampuni ya barabara, anasema jua la huko limemfanya mweusi kuliko lami anayomwaga.

Utashangaa kuona barua. Krismasi, ukiwa umelala na ule mguu wako, ulikuwa unatabasamu kila nikisema neno, na nilifika nyumbani ndipo nikatambua kwamba masikio yamefunga kabisa na hukusikia lolote. Simu nayo ulisema inakuandikia herufi kama chawa. Basi nimeamua kuandika kwa herufi kubwa, na kwa Kiswahili, kwa sababu Kikuyu changu hukuchekesha na Kimeru changu hukijui. Kila barua nitampa mtu wa parseli za Gakindu aiache dukani kwa jirani yako Murugi.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Ni karakana mpya huku nje ya mji, upande wa mtoni. Tunatengeneza bandeji, lakini si ile ya kitambaa cheupe. Hii ina safu tatu. Ya chini ni wavu laini kama ile ngozi ya ndani ya yai, usiogandamana na kidonda. Katikati ni sponji nyeusi yenye vitundu vitupu. Juu ya yote kuna utando mwangavu wenye gundi, unaoziba mpaka ngozi ya pembeni ili hewa isiingie. Mrija unatoka hapo kwenda kwenye mashine ndogo, na mashine inavuta.

Injinia wetu, Gatobu, mtu wa kwetu Meru, alituonyesha siku ya kwanza. Alichimba shimo kwenye jeli ya beseni, akalijaza maji mekundu, akaweka bandeji juu, akawasha. Mama, ile sponji ilinywea ikawa ngumu kama ngumi, na shimo lenyewe likaanza kujivuta, ukingo huku na ukingo kule, kana kwamba zinatafutana. Tulikuwa akina mama watu wazima, tumelizunguka beseni kama watoto. Gatobu akasema, "Sasa fikirieni hiyo ni nyama ya mtu." Mpaka leo nafikiria.

Nyonga inaendeleaje? Daktari wa Nyeri aliyekutia chuma alisema kufikia Februari uwe unatembea na kile kigari cha kushikilia.

Mkwe wako,
Mwendwa


Gakindu, 2 Februari 2023

Mama Kim,

Nimeshukuru. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi ikalainika. Msalimie sana mume wangu Kim. Mwambie kama alipewa jina la babu yake basi asijizibe mdomo, babu yake aliniposa akiwa na pengo na nilimkubali.

Kahawa tumemaliza kuchuma. Ile mibuni ya chini imezeeka, nimemwambia Mburu wa shambani aikate yote ibaki visiki. Watu wanapita wanasema Watiri amepata wazimu, anakata mali. Wacha waseme. Ng'ombe amezaa ndama dume, bahati mbaya.

Mimi sijambo. Mguu uko sawa. Nalala tu. Murugi ananiletea chakula na kunifulia nguo, Mungu ambariki.

Hiyo kazi yako sijaielewa. Ati mashine inavuta kidonda? Sisi tulifundishwa kidonda kinaachwa kipate hewa. Na wewe unasema kinazibwa hewa isiingie. Basi dunia imegeuka. Lakini ile ya shimo kujivuta lenyewe nimemsomea Murugi mara mbili. Alishika kifua, nikaona midomo yake ikisema, "Ngai!"

Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa nimelalia ubavu.

Mama yako,
Watiri


Sagana, 26 Februari 2023

Mama mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kim ameniuliza kama mke wake wa Gakindu anatembea sasa. Nami nauliza hivyo hivyo. Hukuandika neno juu ya kile kigari.

Huku nimehamishiwa chumba safi. Kabla ya kuingia tunavaa kofia, barakoa na viatu vya chumbani, na hewa yenyewe inachujwa kama maziwa. Kazi yangu ni kulaza utando juu ya sponji na kuupitisha kwenye roli zinazoukandamiza. Kunyanzi moja tu, hewa inapita, na bandeji yote ni bure. Nikimaliza kila moja naishika mbele ya taa, naona taa imejaa katika vile vitundu kama asubuhi ndani ya ukungu.

Tunakata maumbo kwa chuma, kama cha kukatia biskuti. Kuna duara, kuna refu la mguuni, na kuna moja kama moyo uliogeuzwa, ncha juu. Nilimuuliza Gatobu ni la wapi. Akasema, "Hilo ni la mgongoni chini kabisa, kwa watu waliolala muda mrefu bila kugeuzwa."

Tutakuja Pasaka sote. Kuna kitu unataka tukuletee?

Mwendwa


Gakindu, 11 Machi 2023

Mama Kim,

Salamu. Msije Pasaka. Nyumba iko na kunguni. Mtakuja nikishapiga dawa.

Watiri


Sagana, 29 Machi 2023

Mama,

Naandika nikiwa na aibu na pia nikiwa nimekasirika, unisamehe kwa yote mawili.

Murugi aliponipigia simu kwamba umebebwa na homa mpaka hospitali ya Kerugoya, niliacha kila kitu. Na Jumapili nilipofika, ulijifunika mpaka kidevuni ukaangalia ukuta. Niliuliza unaumwa nini, ukaonyesha masikio. Harufu ya kidonda ikanifikia, nikapaaza sauti: "KIDONDA KIKO WAPI, MAMA?" Wodi nzima ikageuka. Hata yule mgonjwa wa mlangoni aliyekuwa amelala aliamka. Niliona uso wako. Nisamehe. Sikujua kwamba kukuuliza kwa sauti ni kukuvua nguo mbele ya watu.

Kwa hiyo nauliza kwa kalamu, ambapo ni wewe na mimi tu. Muuguzi hakutaka kuniambia, alisema umemkataza. Ngatia anapiga simu kila jioni na sina la kumwambia.

Nimempa Murugi barua hii akuletee mkononi.

Mwendwa


Kerugoya, 5 Aprili 2023

Mama Kim,

Asante kwa machungwa. Asante pia kwa hasira, mtoto asiyekasirika hakupendi.

Kidonda kiko mahali mkwe haulizi. Lakini wewe umeshajua, wewe ndiye uliniandikia juu ya ule moyo uliogeuzwa. Siku niliyosoma ile barua nililia, kwa sababu tayari nilikuwa nacho.

Kilianza kama alama nyekundu tu, ndogo. Nilikuwa nimelala chali wiki baada ya wiki nikiogopa chuma kisichomoke. Murugi alitaka kunigeuza na kuniogesha, nikamkatalia. Nikamwambia naoga mwenyewe. Nililea watoto wa watu, nilipima kahawa kiwandani miaka yote, hakuna mtu aliyewahi kuona mgongo wangu isipokuwa baba yake Ngatia. Ningewezaje kumwambia jirani anitazame huko? Hata kiliponuka nilichoma majani ya mkaratusi ndani ya nyumba. Hakukuwa na kunguni.

Hapa walikata nyama iliyokufa. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba shimo linaingia ngumi na chini yake wanaona mfupa. Uchafu ukiingia kwenye mfupa na kwenye damu, basi. Hakumaliza sentensi, lakini nilimsaidia kuimaliza kichwani.

Sasa sikia. Jumatatu muuguzi anayeitwa Wakiuru alikuja na pakiti, akaifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na sponji nyeusi! Nilimshika mkono nikamwambia, "Hii naijua!" Akashangaa, mgonjwa wa Gakindu anajuaje. Aliiweka, akafunga mrija, akawasha mashine. Niliogopa, Mwendwa. Nilidhani itavuta mpaka roho. Ngozi yote ilikaza, maumivu yakapanda mpaka shingoni, halafu yakashuka polepole.

Mashine wameiweka kitandani kando yangu. Wengine wanasema inanguruma. Mimi siisikii, lakini nikiweka kiganja juu yake inatetemeka, kama ubavu wa paka anapolala. Usiku mzima naiwekea mkono. Nasema moyoni, hiki kitu hakilali, kinanifanyia kazi nikiwa sijiwezi.

Mwambie Ngatia kwa maneno unayoona yanafaa. Lakini yeye asije kuona. Wala wewe.

Watiri


Sagana, 13 Aprili 2023

Mama mpendwa,

Tumefurahi kusikia kwa Murugi kwamba homa imepungua. Ngatia alilia kwenye simu, halafu akakasirika, halafu akanituma nikununulie blanketi, nalo nimempa Murugi. Kim amepata namba nzuri katika hesabu. Mvua imeanza huku na mto umejaa, maji ni mekundu.

Tunakuombea kila siku.

Mwendwa


Kerugoya, 21 Aprili 2023

Mama Kim,

Salamu kwa mume wangu na blanketi nimepokea, ni zito kama dhambi.

Nilikuwa naendelea vizuri. Wakiuru hubadilisha bandeji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mara ananiandikia: "Nyama inakuja." Halafu wiki iliyopita likatokea jambo. Niliamka nikahisi shuka limelowa. Nikaweka mkono kwenye mashine, haitetemeki kama kawaida, inarukaruka. Kumbe ilikuwa inalia na mimi sisikii. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa ameita na kuita, mwishowe akanirushia ndala ikanipata begani, ndipo nikageuka. Wakiuru alikuja mbio. Ule utando wa juu ulikuwa umeachana na sponji, umejikunja kama ganda la kitunguu, na maji machafu yamerudi kwenye kidonda.

Walinisafisha, wakaweka nyingine, nayo jioni ikaachana vile vile. Homa ilirudi siku mbili. Sasa wametafuta za kutoka ng'ambo na mashine inatetemeka vizuri.

Niliomba nione ile pakiti. Iliandikwa Sagana.

Wewe uliniandikia kazi yako kwa kurasa nzima, mpaka viatu vya chumbani. Barua ya mwisho hakuna hata neno la kazi. Hilo limenikaa moyoni.

Watiri


Sagana, 28 Aprili 2023

Mama,

Leo sina salamu nzuri, nisamehe.

Kabla ya barua yangu ile ya mwisho tulikuwa tumerudishiwa kisanduku. Gatobu alitukusanya akaweka mezani bandeji zilizofunguka. Alisema, "Hizi zimetoka kwenye wodi. Kulikuwa na mtu chini yake." Hakutaja hospitali. Lakini mimi moyo wangu ulitaja. Nikakuandikia juu ya hesabu za Kim na rangi ya mto, kwa sababu niliogopa kwamba nikiuliza, utajibu.

Tulijaribu zote zilizobaki kwenye beseni la jeli. Nyingine zilishika, nyingine ziliachana mbele ya macho yetu. Gatobu na yule dada wa maabara walikaa nazo siku tatu, wakagundua kwamba mashine inayokausha hewa ya chumba ilikuwa inalegea tangu mvua ianze. Gundi ilikuwa inakunywa unyevu wa mto kabla hatujaikandamiza. Kwa macho haionekani. Nilizishika mbele ya taa moja moja, Mama, nikaziona ni nzuri.

Wamezichoma zote na kuandikia kila hospitali. Kazi imesimama mpaka kikaushio kipya kifungwe na mtu kutoka nje aje kupima.

Mimi ni mmoja wa walioipitisha ile gundi kwenye roli. Sijui kama iliyokufungukia ilikuwa ya mikono yangu, na hakuna atakayejua. Nimemwambia Gatobu nataka kuacha. Nawezaje kurudi pale? Nilikuwa nadhani natengeneza kitu cha ajabu, na kilichokufikia wewe ni maji machafu.

Mwendwa


Kerugoya, 7 Mei 2023

Mama Kim,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na mara ya kwanza niliikasirikia. Sitakudanganya. Ile homa ya pili niliiona karibu sana na mlango. Halafu nikafikiria: zile za kwanza zilizoshika, zilizonitoa shimo la ngumi mpaka homa ikaisha, hizo nazo zilitoka kwa nani? Hizo hukuziandika. Umejihesabia zile mbaya peke yake.

Sitaki uache. Kama utaacha, atakayeingia mahali pako ni mtu asiyejua kwamba kuna mtu chini yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana nimelifikiria hili kwa siku nyingi nikiwa nimelala hivi. Njoo Jumatano asubuhi. Wakiuru anabadilisha saa nne. Nimemwambia mkwe wangu aruhusiwe ndani ya pazia. Ameniandikia mara mbili kuuliza kama nina hakika.

Mimi siwezi kuona mgongo wangu. Picha ya simu siielewi, naona rangi tu. Nataka mtu wa kwangu aone, aniambie. Usiniambie kwa mdomo. Nenda nyumbani uandike.

Watiri


Sagana, 11 Mei 2023

Mama yangu,

Nimeketi mezani tangu Kim alale na nimeanza barua hii mara kadhaa. Uliniambia niandike nilichoona. Nitaandika.

Wakiuru alivuta pazia, akakulaza ubavu. Uliangalia ukuta na ukanishika kidole kimoja tu, hiki kidogo. Alizima mashine. Alinyunyiza maji ya chumvi, akangoja, akainua ukingo wa utando polepole. Sponji ilitoka ikiwa nzima. Chini yake wavu, nao ukatoka bila kung'ang'ania. Nilitaka kufumba macho. Sikufumba.

Mama, mfupa hauonekani tena.

Nilitarajia kitu cha kutisha. Nilikuta kitu chekundu, chekundu safi, kinang'aa, chenye vinundu vidogo vidogo kama punje za stroberi. Wakiuru alisema kila kinundu ni mishipa michanga ya damu iliyokuja yenyewe, inasuka, hakuna mtu aliyeiita kwa jina. Aligusa kwa ncha ya pamba, kitone cha damu kikatoka. Akatabasamu. Alisema, "Kinavuja damu, maana yake kiko hai." Lile shimo la ngumi sasa lingeingia yai tu. Na pembeni, Mama, pembeni kabisa, kuna mstari mwembamba wa rangi ya waridi, kama ukingo wa kucha ya mtoto mchanga. Ni ngozi. Inatembea kuingia ndani kutoka pande zote.

Ninyi wazee mna nyama inayokumbuka. Hivyo ndivyo nilivyofikiria. Umepita miaka sabini, na huko mahali ambapo hakuna anayekuona, mwili wako unafanya kazi ya tumbo la mama. Sisi wa Sagana hatutengenezi hiyo nyama. Mashine haiitengenezi. Tunachofanya ni kuondoa maji, kuzuia uchafu, na kuishikia mlango wazi. Niliona hivyo nikazidi kuinama kuangalia, Wakiuru akanisogezea kiti.

Uliponigeukia na kuniuliza kwa macho, nililia, na najua uliogopa. Ndiyo sababu nimefanya haraka kuandika. Hayakuwa machozi ya ubaya.

Mgongo wako ni mzuri, Mama. Una alama nyeusi chini ya bega la kushoto, na Kim anayo mahali pale pale. Ulijua?

Kikaushio kipya kimefika. Jumatatu narudi kazini.

Mwendwa


Gakindu, 17 Septemba 2023

Mama Kim,

Bwana asifiwe. Ndama tumemuuza, ng'ombe anakamuliwa vizuri. Mburu amemaliza kupalilia na ananidai chai kila anapopita mlangoni. Ile alama ya begani sikuijua. Baba yake Ngatia hakuniambia kamwe, yule mtu alikuwa na siri.

Ngatia ameniandikia kwamba mmeanza tena kupeleka bandeji hospitalini, na kwamba wewe sasa ndiye unayewafundisha wanaoingia kazini. Ameandika kwa herufi kubwa sana, maneno machache ukurasa mzima, lakini nimeyaweka.

Wakiuru alikuja wiki iliyopita kunitazama kwa mara ya mwisho. Alipapasa pale, akaniandikia: "Imefunga." Murugi alikuwepo. Nilimwambia naye atazame. Alitazama, akashika kifua kama siku ile ya barua yako.

Leo nilienda kanisani, nikitembea na kile kigari mpaka barabarani, halafu Mburu akanishika. Kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Kerugoya. Alihubiri mpaka watoto wakalala, mpaka wanaume wakaanza kutoka mmoja mmoja kama wanaenda msalani na hawarudi. Murugi alikuwa anahangaika kando yangu, akigeuka huku na huku. Zile benchi zetu unazijua, ni mbao tupu.

Mimi sikusikia neno lake hata moja. Nilikuwa nimeketi, Mwendwa. Nimeketi wima, juu ya mwili wangu mwenyewe, bila maumivu, na nilikuwa naomba Mungu yule mtu asimalize.

Mama yako,
Watiri